Marahaba ya Mzee Ngwali

Ipo nchi iitwayo Kulekule. Ukiitafuta kwenye ramani utaikosa, kwa sababu ramani zote zilikunjwa hapo hapo ilipo, na karatasi ikatoboka. Lakini ipo. Ina wimbo wa taifa, ina Tume ya Milolongo inayosimamia uchaguzi wa watu kujipanga nyuma ya wagombea, na ina vyama viwili vikubwa vinavyochukiana vizuri sana.

Cha kwanza ni Chama cha Mila, kilichoahidi kwamba hakuna kitakachobadilika. Cha pili ni Chama cha Mbio, kilichoahidi kwamba kila kitu kitabadilika kabla ya saa sita mchana. Watu wa Kulekule wamekuwa wakichagua kati ya hivyo viwili kwa utulivu wa kupigiwa mfano, na mambo yamekuwa yakienda kama kawaida yake, yaani vibaya, lakini kwa amani.

Mzee Ngwali alikuwa mtu wa Mila tangu ndevu zake zikiwa nyeusi. Kazi yake chamani ilikuwa kutandika mkeka kabla ya mkutano wa tawi na kuukunja mkutano ukiisha, na hakuwahi kuomba kazi nyingine. Alikipenda chama kwa jambo moja tu. Mila ndio waliosema mdogo amwamkie mkubwa na mkubwa aitikie; shikamoo iwepo, na marahaba iwepo. Wale wa Mbio walitaka kuifuta shikamoo kabisa, kwa hoja kwamba inapoteza muda. Badala yake, raia wakikutana wainue kidole kimoja, kisha kila mtu aendelee na safari yake. Ngwali akifikiria kuinuliwa kidole na mjukuu wa mtu, chakula kilikuwa hakipiti.

Basi akawa na imani kwamba, hata dunia iende mrama vipi, marahaba yake iko katika mikono salama. Na kweli ilikuwa mikononi, ila si mwake.

Siku moja Mwenyekiti wa Mila, ambaye pia alikuwa Rais wa nchi, Mlezi wa Maskauti na Baba wa kila asiye na baba, alilihutubia taifa kupitia redio.

"Ndugu zangu," alisema, "nimefanya uchunguzi wa kina kuhusu heshima. Heshima ipo, lakini imetapanyika. Kila mzee akiamkiwa anachukua marahaba yake na kuondoka nayo. Mmoja anaipeleka shambani, mwingine anaipeleka kilabuni. Nawauliza, je, taifa litajengwa kwa marahaba za rejareja?"

Watu wakasema hapana, maana swali lenyewe lilikuwa limeulizwa kwa sauti ya kujibiwa hapana. Kuanzia siku ile marahaba yote ya nchi ikawa mali ya Mwenyekiti. Mzee mwingine yeyote akiamkiwa alitakiwa ajibu, "Nitaifikisha." Itafikishwa vipi, waraka haukusema. Hata hivyo iliundwa Wizara ya Mafikisho, na waziri wake akapewa gari kubwa la kubebea kitu ambacho hakina uzito.

Pale tawini wazee waliguna kidogo. Katibu akawaeleza kwamba mila haijaguswa hata chembe. Shikamoo iko pale pale, kilichohama ni jibu tu. Wakatikisa vichwa. Ngwali naye akatikisa chake, akaukunja mkeka, akaenda nyumbani.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Bi. Mwantumu. Huyu mama alikuwa na ulimi mwepesi na mkono mwepesi zaidi, na katika ndoa yao yote hakukosa asubuhi hata moja kumwamkia mumewe. Alikuja na sinia la chai, akasimama mlangoni mwa chumba cha ndani, akasema shikamoo yake nusu kwa heshima, nusu kwa utani, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kwamba uzee umewadia. Ngwali alikuwa hainuki kitandani kabla hajaisikia.

Asubuhi iliyofuata Mwantumu akasimama mlangoni. "Shikamoo."

Ngwali akakohoa. Alitazama dirisha, ingawa dirisha lilikuwa limefungwa na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Lakini alikuwa mtu wa chama, na mtu wa chama ni wa chama hata kwenye shuka.

"Nitaifikisha," akasema.

"Utaifikisha wapi?"

"Kwa Mwenyekiti."

Mwantumu akaweka sinia chini taratibu. "Mwenyekiti sijamwamkia mimi," akasema. "Huyo sijui hata analalia ubavu gani. Nimekuamkia wewe."

"Ni utaratibu tu, mke wangu. Uchaguzi ukipita watalitazama upya."

Mwantumu hakumgombeza. Afadhali angemgombeza. Kuanzia kesho yake alikuja na sinia lile lile, akasimama pale pale, akasema, "Umeamka?" Ngwali akajibu, "Nimeamka." Wakaishi hivyo. Uchaguzi ukapita, halikutazamwa. Masika yaliyofuata Mwantumu akaugua kifua, akafariki, na alikuwa hajamwamkia mumewe tena.

*

Baada ya maziko Ngwali alibakiwa na mtu mmoja wa kuzungumza naye, Mzee Mshangama wa nyumba ya pili. Hawa wawili walikuwa wamekua pamoja, wametahiriwa pamoja, na walikuwa na ugomvi mmoja ambao umri wao wote haukutosha kuumaliza. Wote walizaliwa mwaka wa nzige. Ngwali alisema yeye alizaliwa nzige wakiingia. Mshangama alisema yeye ndiye aliyezaliwa nzige wakiingia, na kwamba Ngwali alizaliwa nzige wakitoka, tena wa mwisho mwisho wale wenye mbawa mbovu. Kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kumwamkia mwenzake. Walisalimiana "Hujambo" na "Sijambo" kwa ukali kidogo, kila mmoja akingoja mwenzake ashindwe.

Kila alasiri Mshangama alikuja na birika la kahawa, wakakaa kibarazani kwa Ngwali. Ndiyo sauti pekee ya mtu iliyoingia katika nyumba ile. Asubuhi Ngwali alikuwa akiamka, anautazama mlango, kisha anavaa. Wiki zilipita hakuna aliyemuuliza hata kama ameamka.

Ndipo ukaja uchaguzi mwingine, na safari hii kikazuka chama cha tatu. Kilianzishwa na mwanamke aitwaye Tatu, kwa hiyo hata wasiojua kuhesabu walikielewa. Bi. Tatu alikuwa mshonaji, na zamani alikuwa mtu wa Mila kindakindaki. Alifukuzwa chamani kwa kosa la kuteleza ulimi. Msibani, mtoto wa dada yake alimwamkia, naye kwa machungu ya siku ile akajisahau akajibu, "Marahaba, mwanangu." Aliitwa mbele ya kamati akatakiwa airudishe. Alipouliza atairudishaje, kamati ilimwona ana dharau.

Chama chake kiliitwa Aitikie Mwenyewe. Tume ya Milolongo ilimwambia kwamba alama zote nzuri zimekwisha. Mila wana mkeka, Mbio wana viatu. Yeye akapewa karatasi nyeupe isiyo na kitu, na akaonywa asiichafue.

Alifika kwa Ngwali akiwa peke yake, maana chama chake hakikuwa na mwingine.

"Shikamoo, baba," akasema pale uani.

"Nitaifikisha."

"Usiifikishe. Ni yako hiyo."

Ngwali akafungua mdomo. Neno alilijua, alikuwa amelitamka tangu alipopata wa kumwamkia. Lakini koo lilikuwa limezoea njia nyingine, likagoma. Akafunga mdomo, akatazama kuku.

"Hutashinda," akamwambia, ili aseme kitu.

"Sitashinda."

"Sasa nisimame nyuma yako kwa nini?"

Tatu akafikiri. Hakuwa mwanasiasa mzuri. Swali akiulizwa, alilifikiri kwanza. "Sijui, baba. Naona tu kwamba nikisimama pale peke yangu, nitaanza kuamini ni mimi nimerukwa na akili. Akija mtu mmoja, nitajua sijarukwa." Akainuka. "Ila Tume hairuhusu mgombea kugeuka nyuma, eti tutawatisha wapiga kura kwa macho. Kwa hiyo ukija sitakuona. Ukija, kohoa."

*

Mshangama alizipata habari hizo hata kabla kahawa haijachemka.

"Nasikia umepata mgeni," akasema.

"Nimepata."

"Ngwali, nisikilize. Chama chetu kimeharibika, nakubali. Mimi na wewe tunajua. Lakini ni chetu. Paa likivuja mtu haendi kulala uwanjani."

"Halivuji, Mshangama. Limeuzwa."

"Ukisimama kwa yule mwanamke unawasaidia Mbio. Milolongo yetu na yao huwa inapishana kwa mtu mmoja, wawili. Wakishinda wale, hata shikamoo yenyewe inakwenda. Utabaki unainuliwa kidole. Ndicho unachotaka?"

"Sitaki."

"Basi kwanza tushinde. Tukishashinda tutawarekebisha viongozi wetu, humu humu ndani."

"Tulishinda mara ya mwisho. Hatukuwarekebisha."

"Tulishinda kwa shida. Mtu aliyeshinda kwa shida ana wasiwasi, hasikilizi. Ngoja tushinde kwa kishindo."

"Mara ile nyingine tulishinda kwa kishindo."

"Ndiyo, lakini mtu aliyeshinda kwa kishindo naye..." Mshangama akashika birika. Alikuwa ameingia mwenyewe kwenye kona na hakuona pa kutokea. Akamimina kahawa, ikamwagika.

"Mwantumu aliacha kuniamkia miaka miwili," Ngwali akasema. "Kwa sababu yangu. Nilikuwa nangoja tushinde."

Mshangama alilijua hilo, na lilimuuma, maana Mwantumu alikuwa kama dada yake. Lakini mtu anapoumia mara nyingi husema asilotaka kusema. Akasimama na birika lake. "Ukisimama pale," akasema, "sijui hii kahawa tutainyweaje."

Akaondoka, na vikombe vikabaki kibarazani. Ngwali alikaa navyo mpaka vikapoa. Alikuwa akipima jambo moja tu moyoni. Huku kuna neno ambalo hata akipewa hajui kama litatoka kooni. Kule kuna mtu wa mwisho anayemwambia hujambo. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa.

*

Siku ya uchaguzi watu walikusanyika uwanja wa shule. Huko Kulekule mtu hupiga kura kwa miguu yake. Wagombea husimama mbele na alama zao mikononi, wapiga kura hujipanga nyuma yao, na Msimamizi hupita na fimbo akihesabu vichwa. Msimamizi wa siku ile alikuwa Bwana Kifundo, mtu mwenye firimbi mbili, moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, ili zisichoke.

Firimbi ikalia. Watu wa Mila wakajipanga nyuma ya mkeka, watu wa Mbio wakajipanga nyuma ya viatu huku wakiruka ruka. Bi. Tatu alisimama na karatasi yake nyeupe, ameutazama ukuta wa darasa. Nyuma yake kulikuwa na nyasi.

Ngwali alikuwa amesimama katikati ya uwanja. Mguu wa kulia ulikwenda wenyewe upande wa Mila, kwa mazoea. Akaurudisha. Akapiga moyo konde, akakata uwanja, na uwanja mzima ukageuka kumtazama. Akafika nyuma ya Bi. Tatu. Aliona shingo yake, na uzi mmoja wa gauni uliosahaulika kukatwa, mtu mshonaji asiyejiona kisogo. Mabega yake yalikuwa yamejikunja.

Ngwali akakohoa.

Mabega yale yakashuka. Bi. Tatu hakugeuka. Ngwali naye akasimama wima. Hakuna aliyekuwa nyuma yake. Upepo ulimpita kisogoni na akausikia wote. Kule kwenye mlolongo wa Mila alimwona Mshangama, ameinamisha kichwa anatazama viatu vya mtu wa mbele yake. Katika maisha yake Ngwali hakuwahi kuwa mpweke namna ile mbele ya watu wengi namna ile.

Bwana Kifundo akahesabu. Mlolongo wa Mila na mlolongo wa Mbio ikatoka sawa, kichwa kwa kichwa. Akahesabu tena, ikawa sawa tena. Kisha akaja kwa Ngwali, akamzunguka kama anayekagua mti uliootea barabarani.

"Mzee, umepotea?"

"Sijapotea. Nimesimama kwenye mlolongo."

"Huu si mlolongo. Mlolongo ni watu kufuatana, na wewe huwezi kujifuata. Kisheria wewe ni Mtu Aliyesimama." Akafungua kijitabu cha Tume, akalamba kidole, akasoma kwa sauti ya mahubiri. "Mtu Aliyesimama atahesabiwa kuwa yuko njiani kuelekea mlolongo aliosimama uchaguzi uliopita, ila amechelewa kwa sababu ya umri. Mara ya mwisho ulisimama wapi?"

"Mila. Lakini safari hii nimekuja hapa. Nimefika."

"Hujafika, mzee wangu. Sheria inasema bado uko njiani."

Akapuliza firimbi ya kumalizia. Mila imeshinda kwa mtu mmoja.

Kufumba na kufumbua Ngwali alikuwa mabegani mwa watu. Mgombea wa Mila akapanda juu ya dawati, akasema nchi inahitaji wazee wa aina hii, ambao hata wakikipa chama kisogo, kisogo chenyewe kinakitazama chama kwa mapenzi. Watu wa Mbio walipita wakipiga kelele kwamba si waliambiwa, chama cha tatu kazi yake ni kuwabeba Mila. Mila walikuwa wameonya kwamba kitawabeba Mbio, Mbio wakaonya kwamba kitawabeba Mila, na wote wawili waliona wameonya sawasawa. Ngwali alipotazama kutoka kule juu, Bi. Tatu alikuwa bado ameutazama ukuta, maana hakuna aliyekumbuka kumwambia ageuke.

*

Kwa kuwa wananchi walikuwa wameonyesha imani, Mwenyekiti aliona ni haki kuwaongezea. Ulitoka waraka mwingine kwamba hata pole sasa zitakusanywa. Mfiwa akipewa pole, asiipokee, aielekeze makao makuu, ambako huzuni ya taifa itahifadhiwa mahali pakavu.

Ngwali akawa maarufu. Picha yake akiwa mabegani ilibandikwa tawini, juu ya mkeka ambao sasa uliachwa siku zote umetandikwa kwa kukosa mtu wa kuukunja. Waliopita nyumbani kwake walimpungia mkono wakiwa mbali, kwa kuwa hawakujua mtu wa aina hii anasalimiwaje. Bi. Tatu alipita mara moja, akauliza, "Ulikohoa wewe?" Ngwali akasema ni yeye. Bi. Tatu akamshukuru, akamwambia anahamia kwa dada yake, kushona kunalipa zaidi kule. Alasiri zilifuatana na birika halikuja. Vile vikombe viwili Ngwali aliviosha, akaviacha pale pale kibarazani, vimefunikwa.

Alasiri moja akasikia mtu amesimama nje ya wigo, haingii, haondoki. Alikuwa Mshangama. Mikono yake mitupu, na amevaa kofia ya sherehe, maana tawini walikuwa bado wakila pilau ya ushindi.

"Hujambo," Ngwali akasema.

Mshangama hakuitikia. Alishika kijiti cha wigo, akakitikisa kama anapima kama kimeoza.

"Nilikuwa nafikiria habari ya nzige," akasema mwishowe.

"Nzige gani?"

"Wale wa mwaka ule. Mama yangu, kabla hajafa, alinieleza. Alisema siku niliyozaliwa hakukuwa na nzige hata mmoja. Walikuwa wameshaondoka. Majani yalikuwa yameanza kuota tena."

"Na ukanyamaza miaka yote."

"Nikanyamaza."

Mshangama akatazama huku, akatazama huku, barabara ilikuwa tupu. Akavua kofia. Akaikunja mikononi, uso wake umekwiva kama wa mtoto aliyetumwa kuomba msamaha nyumba ya jirani.

"Shikamoo," akasema.

Lile jibu la siku zote likaja mbio, likafika kwenye meno, Ngwali akaliuma hapo hapo. Mshangama akangoja. Alingoja kama mtu aliyekuja kwa hilo tu.

"Marahaba," Ngwali akasema.

Ilitoka na kutu, nusu sauti nusu kikohozi, lakini ilitoka, na haikwenda kwa mtu mwingine yeyote.

Mshangama akavaa kofia yake haraka. "Lazima nirudi, watanitafuta," akasema. Akapiga hatua, akageuka. "Ngwali. Usimwambie mtu."

Ngwali akatazama vile vikombe viwili, akatazama mlango wa nyumba yake uliokuwa wazi mpaka chumba cha ndani.

"Nimwambie nani?" akasema.